Viatu Kutoka kwa Baba Aliye Juu ya Paa

Meksiko sijawahi kufika. Nimekaa Mombasa, nikakaa Juba, nikakaa Dubai, kila mahali nikisema hapa sasa nimetulia, na kila mahali begi langu likibaki limesimama nyuma ya mlango. Lakini Meksiko nimeiona tu kupitia kamera, nikiwa hapa Doha, na ninaikumbuka kwa hamu kama mtu aliyezaliwa huko.

Ilianza mwaka wa Kombe la Dunia. Mimi ni dereva wa hoteli moja ya Al Sadd, naendesha basi dogo la wageni. Siku hiyo wakanijia Wameksiko wenye kofia pana kama sinia za pilau, na kofia zikakataa kuingia mlangoni. Wakazipitisha dirishani moja moja, wakipokezana kama watu wanaotoa vyombo jikoni siku ya harusi, huku wanaimba. Nilicheka hadi nikasahau kuwasha gari.

Kamera nilikuwa nayo tayari. Niliinunua kwa Mfilipino aliyekuwa anarudi kwao, na mpaka siku ile kazi yake ilikuwa kuwapiga picha Wakenya wenzangu Ijumaa, wamesimama wima mbele ya maghorofa, mikono kando, nyuso kavu kama za pasipoti. Sisi tunapenda hivyo. Picha inaenda nyumbani, na nyumbani hawataki kuona meno, wanataka kuona kama umenenepa. Lakini watu wale wa kofia hawakukaa sawa hata sekunde moja. Nikiinua kamera, mmoja alikuwa ameshapanda mgongo wa mwenzake. Niliipenda sana fujo ile.

Wageni waliondoka, ila wako Wameksiko wanaoishi hapa hapa, na mmoja ni mpishi wa hoteli yetu. Ni mwanamke wa umri wangu, mwenye mikono ya kubeba sufuria mbili kwa pamoja. Yeye aliniita sadiki, yaani rafiki, kama wanavyoitana hapa watu wasiojuana majina. Mimi nikamwita mama. Alikasirika.

"Mama yako nani? Wewe una mvi, sadiki."

"Kwetu ni heshima, mama."

"Heshima gani ya kunizeesha?"

Hata hivyo nikaendelea, naye akazoea. Ndiye aliyenipeleka nyumbani kwake hapa Doha Novemba, walipowasha mishumaa na kupanga maua ya rangi ya machungwa na vyakula walivyovipenda marehemu wao. Nilipiga picha, halafu tukala. Jioni nyingine alinialika kwenye sebule ya rafiki yake, ambako wanawake kadhaa walikaa wameshika picha za ndugu zao waliotoka nyumbani siku moja huko Meksiko na hawakuonekana tena. Huko kwao wenzao huandamana barabarani. Hapa walikaa kwenye sofa, mlango umefungwa. Waliniomba nipige picha ya mikono yao na zile walizoshika tu, nyuso zao niziache. Nikapiga. Kahawa ilipoletwa, mmoja wao alikuwa anaigiza jinsi bosi wake anavyotembea, na sebule nzima inalia kwa kicheko. Sijui watu wengine wanaotoka kwenye kilio hadi kwenye mzaha bila hata kubadilisha kiti. Labda sisi, kwenye matanga.

Basi mwaka jana mama mpishi alinishika nikiosha basi nyuma ya jiko.

"Sadiki, binti yangu anatimiza miaka kumi na mitano. Utapiga picha. Zote piga unavyotaka, lakini moja ni yangu."

Akanieleza. Kwao msichana akifika umri huo hufanyiwa sherehe kama harusi isiyo na bwana harusi. Anaingia ukumbini na viatu vya chini, vya kitoto. Baba yake anapiga magoti mbele ya watu, anamvua, anamvisha viatu vyake vya kwanza vya visigino. Shida ni kwamba baba yuko Amerika, anapigilia misumari kwenye mapaa ya watu, na hana karatasi za kuishi huko. Akitoka hawezi kurudi, kwa hiyo hajatoka. Mara ya mwisho kumwona mtoto, mtoto alikuwa anafika hapa. Mama mpishi akagusa mpini wa mlango wa basi kuonyesha kimo.

Viatu, hata hivyo, vilikuwa vimefika. Baba alivinunua mwenyewe, vikasafiri kwenye sanduku la jamaa hadi Doha. Na alikataa kuambiwa namba.

"Alisema baba anaijua miguu ya mtoto wake."

"Na anaijua?"

"Ukimwuliza yeye, anaijua."

Alikuwa ameviweka kabatini, na amekataza visijaribiwe kabla ya siku. Nilichotakiwa kufanya ni hiki: wakati wa kuvalishwa viatu, nipige picha moja nzuri, ya heshima, na tuitume papo hapo. Jioni ya Doha kule ni asubuhi, na baba angekuwa kwenye mapumziko yao mafupi ya chai, simu mkononi, na mafundi wenzake wote wameshaambiwa. Simu za video za mtandaoni hapa hazipiti vizuri. Ni picha tu ingempata.

"Ni baba yake ndiye angepiga magoti," alisema. "Sasa nitapiga mimi. Lakini lazima aone."

Nikamwambia ataona. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mimi nina binti Nakuru, yuko kidato cha pili, na viatu vyake hununuliwa na shangazi yake. Hajui namba zake wala miguu yake mtu anayetuma pesa kutoka Doha.

Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa kompaundi moja ya Al Rayyan. Nilikwenda na mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja Al Mansoura, mlinzi kutoka Busia, mtu mwenye kifua kama mlango wa benki. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kunishikia taa. Binti alipoingia kwa gauni la buluu lililojaza njia yote kati ya meza, mwenzangu aliniinamia.

"Buda, uliniambia ni bathidei."

"Ni bathidei."

"Gauni kama hema la kampeni? Hapo ndani tunaweza kulala wote wa rumu yetu."

"Shika taa."

Kulikuwa na tarumbeta. Kulikuwa na mjomba aliyecheza na kiti. Kulikuwa na bibi mmoja aliyenivuta kamera shingoni akinitaka nicheze, nikacheza, nikapiga picha nikiwa nacheza, na zile picha zimepinda zote na ndizo ninazozipenda. Halafu ikaletwa keki. Jamani, keki. Ilikuwa ya ghorofa, imelowekwa maziwa hadi inatoa jasho, imepakwa krimu nyeupe juu na pembeni. Mwenzangu aliitazama kama anavyoitazama nchi yake kwenye ramani.

Sasa nieleze jambo moja. Kwetu mtu akitimiza mwaka anamwagiwa maji. Unaweza kutoka ofisini ukiwa umelowa mpaka soksi, na ni sawa, maji si kitu. Lakini keki ni kitu kingine. Keki hukatwa vipande vidogo kama sabuni ya hoteli, watu wanalishana kwa vidole polepole, wapiga picha wanasema subiri, lisha tena. Hakuna mtu anayeichezea keki.

Binti alifunga mikono nyuma, akainama kama anayetaka kuing'ata keki kwa mdomo. Watu wakaanza kupiga makofi na kuimba neno moja, moja tu, kwa nguvu zaidi na zaidi. Nami kwenye kamera nikaona mikono. Mkono wa mjomba, wa bibi, wa vijana wawili, yote inanyemelea kisogo cha yule mtoto.

"Wanamzamisha!" mwenzangu alipiga kelele. "Buda, wanamzamisha mtoto!"

Taa ikaanguka. Miaka yake yote ya ulinzi ilimpanda mwilini mara moja. Alipita juu ya kiti, akajisimamisha mbele ya mjomba, mikono imetanuka, akisema kwa Kiingereza cha kazini, "Sir, step back, sir!" Mimi nikaruka kutoka upande wa pili kumvuta binti. Binti alikuwa anaujua mchezo, akakwepa. Ile mikono yote ilikuwa imeshaanza safari na haikuweza kusimama.

Kichwa kilichoingia kwenye keki ni changu.

Niliingia hadi masikioni, kamera ikiwa imetangulia. Mle ndani kulikuwa na baridi na utamu na kimya. Nilipotoka, kimya kilikuwa bado kipo. Ukumbi mzima ulinitazama. Binti akanitazama. Kisha akainamisha kichwa mwenyewe, akakitia kwenye shimo nililoliacha, akatoka na nyusi nyeupe kama za mzee.

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Mjomba aliketi sakafuni. Bibi alimshika mwenzangu kiuno ili yeye mwenyewe asianguke, na mwenzangu bado amesimama mkao wa lindo.

"Kwani kwenu," mama mpishi aliniuliza, machozi yanamtiririka, "mnafanya nini na keki?"

"Tunakula!" mwenzangu alijibu kwa hasira. "Kwetu keki inaliwa!"

Hapo ndipo mama mpishi alipotazama simu yake, na uso ukambadilika. Mapumziko ya baba yalikuwa yameanza. Alikuwa ameandika, *Niko hapa.*

Kioo cha kamera kilikuwa krimu tupu. Nilikipangusa kwa fulana, ikawa ukungu. Nikapangusa tena, ukungu ukazidi, maana fulana nayo ilikuwa keki. Basi nikakilamba. Nililamba kioo cha kamera mbele ya watu wazima na watoto kama mtu anayelamba mwiko, nikakikausha kwa kona ya kitambaa cha meza, nikatazama. Kulikuwa na mwanga kidogo uliotawanyika pembeni, lakini kilikuwa kinaona.

Binti akaketishwa. Mama akapiga magoti, akafungua sanduku. Viatu vilikuwa vya rangi ya fedha, na ukumbi ukanyamaza vizuri, kimya cha heshima nilichokihitaji. Akamvua viatu vya chini. Akamvisha kile cha kulia.

Mguu ukaingia bila kugusa kitu. Kilikuwa kikubwa. Nyuma palibaki nafasi ya kupitisha vidole viwili.

Mama mpishi alinyoosha mkono kando, mtu akampa tishu, akazikunja akazisukuma mbele ya kiatu haraka kama anayejaza kuku viungo. Nilimwona binti akimtazama mama yake, na midomo ya wote wawili ikianza kutetemeka, na sikujua inaelekea upande gani.

"Tulieni," nilisema. "Uso wa heshima. Tazama hapa."

Binti akatazama. Akaliona sikio langu, ambalo bado lilikuwa na krimu. Akapasuka kwa kicheko. Mama naye akapasuka, akaegemea goti la mtoto, kiatu cha pili mkononi.

"Tena," nikasema. "Msicheke."

Wakajaribu. Nilihesabu, moja, mbili, na kwenye mbili mwenzangu, ambaye alikuwa amepata kipande cha keki mahali fulani, akakohoa. Kwisha. Tukajaribu tena, bibi ndiye aliyeanza. Simu ya mama ikatoa mlio. *Dakika chache tu, tunarudi kazini.*

"Tuma yoyote," mama akasema, sasa kwa sauti ya kuomba. "Sadiki, tuma yoyote."

Nikachagua ile ya kwanza: mtoto ana nyusi nyeupe na mdomo wazi, mama amemwangukia gotini, kiatu cha fedha kimeelekezwa juu kama tarumbeta, na mwanga wa maziwa umezunguka kona zote. Haikuwa na heshima hata kidogo. Nikaihamishia kwenye simu yake, akaituma, kisha akamvisha mtoto kiatu cha pili.

Tukangoja. Tarumbeta ilingoja. Mwenzangu aliacha kutafuna.

Ukaja ujumbe wa sauti. Ulianza na nyundo, halafu vicheko vya wanaume wengi juu ya paa, wakisemezana, mmoja akipiga mluzi. Kisha sauti ya mtu mmoja, karibu na simu, chini chini, neno moja au mawili. Mama mpishi alisikiliza mara mbili kabla ya kunitafsiria.

"Anauliza, vinambana?"

Watu wakaangalia viatu. Mama akaanza kuandika jibu, akafuta, akaanza tena. Nilijua anataka kusema vimemkaa sawa sawa, na ningekuwa mimi ningetaka kuambiwa hivyo hivyo.

Binti akamshika mkono. Alisema jambo kwa lugha yao, akasimama, akakusanya gauni lote la buluu mikononi, akaniambia kwa Kiingereza nipige.

Akaruka. Aliruka juu kwa miguu yote miwili, kama mtoto anayeruka dimbwi, na kiatu cha kulia kikamtoka, kikapanda juu kuliko kichwa chake, tishu zikifuata nyuma kama manyoya. Nilibonyeza. Nafikiri nilikuwa napiga kelele.

Mama akaitazama ile picha kwenye kamera. Mtoto hewani, mguu mmoja mtupu, kiatu kikielekea kwenye taa za dari.

"Hiyo hapana," alisema. "Atajua."

"Ndiyo hiyo," binti akasema. Akachukua simu mwenyewe, akaituma, na chini yake akaandika kwamba havimbani kabisa, na kwamba avute subira, mwanawe bado anakua.

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mezani. Safari hii hakukuwa na nyundo. Paa lote lilikuwa linacheka, na ndani ya kicheko hicho kulikuwa na kimoja kilichokatikakatika, kikishindwa kupumua, na binti alikisikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akimshikilia mwenzangu begani. Sisi wengine tuliingia chini ya meza kutafuta kiatu. Bibi ndiye aliyekiona. Kilikuwa kimetua kwenye ndoo ya barafu, kimesimama wima katikati ya soda.