Zimwi Lenye Zipu

Juzi mwanangu alikuwa akiangalia kwenye simu filamu ya Kiingereza ya kutisha na kuchekesha, ya gharama ndogo. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni pale Tunduma, wiki chache baada ya kumzika mama. Mama mdogo alinipeleka kwenye kibanda cha video kilichonuka jasho na mafuta ya jenereta. Walikuwa wakionyesha filamu ya Waingereza, na zimwi lake lilipotokea nilijificha kwenye kitenge chake, nikasikia anatetemeka. Nikadhani analia.

“Mama mdogo, twende nyumbani.”

“Hebu liangalie mgongoni, mwanangu. Lina zipu!”

Kumbe alikuwa anacheka. Nami nikacheka. Leo najua waliotengeneza filamu ile walikosa hela za kuificha zipu, na ninawashukuru. Tulipotoka nje nilisikia njaa, mara ya kwanza tangu msiba. Mama mdogo akaninunulia chipsi, nikala zote.