Damu Iliyozidi

Jumanne, katika maabara moja hapa Nakuru, mama kutoka Olenguruone alisoma majibu ya mumewe, anayedungwa sindano za testosteroni, homoni ya kiume, kisha akapiga makofi.

"Damu imejaa! Ni mboga yangu ya managu hiyo."

"Mathe, imezidi," mhudumu akamwambia, kidole juu ya namba. "Ni sindano. Damu nzito inaweza kuganda. Muone daktari kabla ya kudungwa tena."

Mzee mwenyewe, mumewe, aliikunja karatasi mara nne. "Akizipunguza, si nitarudi kulala kutwa?"

Mama aliichukua, akaikunjua, akainyoosha gotini. "Lala tu, Baba. Bora uwe unaamka."

Kwetu watu huombea damu iongezeke. Wale wawili waliondoka wameshikana mikono, mama akimwomba Mungu kwa sauti aipunguze.