Watu Sita, Ulimi Mmoja

"Mi ni simba wa maneno, nauma pasipo meno!"

Nilisikia hivyo nikiwa bado nje, mkono uko mlangoni. Maneno yalikuwa yangu. Sauti ilikuwa ya bibi kizee.

Halafu kicheko. Cha nyumba nzima.

Naitwa Kiragu, wa Gatina, Kawangware. Mashairi sikufundishwa na mtu, na nikikosolewa huwaka kama stovu. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa kufika Lindi, Kibera, kwa kina Fahima.

Fahima ametunga gemu. Si ya simu, ni ya mezani, ya kadi na kete. Kila mchezaji anashika kadi ya mtu mmoja na kumwigiza: mkunga, fundi wa mabati, muuza makaa. Kila mtu ana alama kumi, zimegawiwa vitu anavyojua kufanya: kuogelea, kuzalisha, ulimi wa kusema. Mkisaidiana mnavuka, mkikosa ujuzi mnazama.

Sheria alitunga yeye. Wale watu sita wa kwenye kadi aliniachia mimi niwaandike.

Sasa Simeon, msimamizi wa ukumbi wa vijana kule Gatina, alikuwa amekuja kuijaribu. Ikimpendeza, Fahima angepewa ukumbi kila Jumamosi. Bila ukumbi, gemu ingefia hapo hapo juu ya meza ya nyanyake.

Nikaingia. Aliyekuwa akighani ni Nyanya Zeinabu mwenyewe, kadi ya mkunga mkononi, kinywani jino moja.

"Karibu, simba," akasema. Watu wakaangua kicheko tena.

Fahima hakucheka. Akasoma: "Mto umefurika. Mgonjwa yuko ng'ambo. Nani anajua kuogelea?"

Kila mtu akakagua kadi yake.

"Mimi nina ulimi nane," akasema Nyongesa, jirani yao, aliyeshika kadi ya muuza makaa.

"Ulimi nane hapa pia," akasema Marion, dadake Nyongesa.

Nyanya akasogeza kadi karibu na macho. "Huyu mkunga ana ulimi nane, kuzalisha moja. Kwani mtoto anaimbiwa ndiyo atoke?"

"Basi tuutukane mto," Nyongesa akasema. "Labda utahama."

Masikio yakanichemka. Ilikuwa kweli. Kila niliyemwandika nilimjaza ulimi, kwa sababu ndio kitu pekee ninachojivunia. Mkunga alijigamba kama mimi. Fundi, kama mimi. Hata muuza makaa alikuwa mimi mwenye masizi.

Wakazama. Wote sita, wakibishana na maji.

Simeon alikuwa ameinamia meza, mabega yanatetemeka. Nikajua tumeisha. Nikalipuka kabla hajasema neno.

"Sheria ndizo mbovu! Mimi niliandika nilichoambiwa. Muulizeni Fahima!"

Uongo mtupu. Fahima alikuwa ameniomba, tena si mara moja, nimpe kila mtu kitu ambacho mwenzake hana. Nilimjibu kwamba hajui fasihi.

Akaanza kuokota kadi.

Simeon akainua uso. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Manze, hii ni kamati yetu ya ukumbi kabisa! Wasemaji sita, mwogeleaji hakuna. Kama hamngetuzamisha kwanza, singeelewa kwa nini kila mtu anahitaji ujuzi wake. Ukumbi ni wenu. Nani aliwaza kutuonyesha hivyo?"

Fahima angeweza kusema ni yeye. Si nilikuwa nimemtwika kila kitu mbele ya watu?

"Kiragu," akasema. "Wale watu wote ni wake."

Wakanipigia makofi. Nyanya akapiga kigelegele.

Nimewahi kuzomewa jukwaani Kawangware nikaondoka kifua mbele. Makofi yale yalinishinda. Nilitafuta pa kuweka macho, nikakosa.

Wewe unayesoma, ukitaka kujua mtu anajipenda kiasi gani, mwambie aumbe watu wengine. Wakitoka wote na sura yake, usimpigie makofi.

Nilimfuata Fahima nje, alikokuwa anaanua nguo.

"Fahima, roho yangu leo ni jivu la..."

"Wacha mashairi, Kiragu. Ongea kama mtu."

Nikampokea zile nguo.

"Nakuahidi. Jumamosi, kabla kete hazijarushwa, nitasimama pale ukumbini niseme kosa lilikuwa langu na nikakutupia wewe. Nitamwambia Simeon sikupanga kumwonyesha kitu. Akikasirika, anifukuze mimi, asifukuze gemu yako."