Rangi Isiyozima Moto

Sijui ni nani aliyewaambia watu wa Nairobi kwamba dawa ya mbao lazima ionekane kwa macho. Kwenye karakana yangu Dagoretti nalowesha mbao katika maji ya boraksi, chumvi ya kuzuia moto, siku kadhaa, kisha nazianika kivulini. Ukiziwashia moto zinageuka nyeusi juu, na ukiondoa kiberiti zinazimika zenyewe. Lakini hazibadiliki rangi. Wateja wa Spring Valley walizigeuzageuza wakiguna, "Hii umeosha tu na maji." Wamezoea nguzo za ua, zile zilizotiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa.

Nikachoka kubishana. Nikaanza kutia rangi ya kijani ndani ya tangi, rangi isiyo na kazi yoyote, na maneno yakaisha.

Mwaka huu dada yangu alianza kufundisha chekechea huko Mountain View. Darasa lake liko ghorofani, mbao tupu, na chini yake ndipo uji wa watoto unapopikwa kwa kuni. Nilipomtembelea, msimamizi wa ujenzi alinionyesha kuta kwa majivuno. Kijani kitupu! Hazikuwa mbao zangu; sikuwa nimemuuzia hata moja. Niliokota kipande nyuma ya jengo, nikakiwasha, nikaondoa kiberiti. Kikaendelea kuwaka mpaka kikaniunguza vidole.

"Umeweka rangi ukaita dawa!" nilimfokea. "Hawa ni watoto wa watu!"

Hata hakushtuka. "Fundi, mimi nilinunua mbao ya dawa. Si iko na rangi? Hata yako iko hivyo hivyo."

Nilitaka kumzaba kofi. Kilichonikera zaidi ni kwamba alisema kweli. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi ndiye niliyewazoesha watu kuamini kijani. Mjanja yeyote angegundua kwamba rangi peke yake inatosha kuuza.

Nikapanda ngazi kwa kishindo. Watoto walikuwa wamejilaza kwenye magodoro, usingizi wa mchana.

"Shusha sauti, wamelala," dada yangu akaninong'oneza.

"Waamshe. Watoke humu sasa hivi. Hizi mbao hazina dawa."

Alinikodolea macho. "Hazina aje? Wazazi wakiniuliza, mimi huwaambia ni zako."

Niliinama nikanyanyua wawili, mmoja kila bega, nikaanza kuwashusha.