Mikwaruzo Juu ya Fremu

Mwanangu, asubuhi ile naikumbuka kama ya jana. Nilikuwa nimekaa uani kwetu Gorong'a, fremu tupu ya baiskeli ya mashindano iko mapajani, msasa mkononi, na hakuna kijana Tarime nzima aliyekuwa na raha kama mimi.

Shule niliiacha mapema, lakini leo duka la vipuri pale Matongo ni langu, na pikipiki iliyowashinda mafundi wengine huletwa kwangu. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Mikono hii ilianza na fremu ile.

Ilikuwa ya baba yangu, mzee Mwita. Aliinunua ujanani kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa: baiskeli nyepesi, tairi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Mama alipofariki, mimi nikiwa bado nanyonya, baba akaacha kuipanda. Jirani aliyehitaji kipuri alikuja kuomba, baba akatoa, mpaka ikabaki mifupa mitupu imetundikwa ghalani juu ya mahindi. Mama hakuacha hata picha. Jina lake, Bhoke, baba hakulitamka, nami nilikua nikiogopa kumuuliza habari zake.

Nikaamua kuifufua. Ringi nilizipata Sirari, cheni nikaivua kwenye baiskeli nyingine mbovu, gololi nikaziosha kwa mafuta ya taa na kuzipaka grisi. Nilitaka niipake rangi nyekundu, nipite nayo mnadani, watu waache kuangalia ng'ombe waniangalie mimi. Ila kwanza rangi ya zamani itoke. Bomba la chini nilikwisha kulikwangua. Nikaweka msasa kwenye bomba la juu.

"Wewe Chacha! Toa mkono hapo!"

Baba hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuja mbio, fimbo yake ameiacha mlangoni.

"Tata, nasafisha tu. Hapa pamejaa mikwaruzo."

"Unasafisha nini? Ng'ombe wako ungemfuta alama, halafu ukamtafute kwenye kundi la ng'ombe wa watu?"

Akakaa chini vumbini, mzee mzima. Akanishika kidole, akakipitisha taratibu juu ya bomba. Kulikuwa na mistari midogo, mingi, imelala pamoja.

"Hizi ni bangili za mama yako. Alikuwa anakaa hapa tukienda kwao, ng'ambo ya mpaka. Kwenye mteremko anashika kwa nguvu, bangili zinakwangua. Namwambia, 'Bhoke, unaniharibia rangi!' Ananijibu, 'Shika breki basi, mwanamume wewe! Umebeba mke au umebeba viazi?'"

Baba akacheka, halafu akalia. Mimi kidole changu kilikuwa bado kwenye ile mistari, mwanangu, na tangu nipate akili ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mama yangu.

Kazi ikaishia hapo siku ile. Baba alisimulia mpaka jua likaanza kushuka: jinsi mama alivyoimba akisaga ulezi, jinsi alivyowafukuza mbuzi wa jirani kwa matusi, na kwamba haya masikio yangu makubwa ni yake.

Baiskeli niliimaliza baadaye, nyekundu kweli, isipokuwa bomba la juu. Mnadani wakanizomea, "Chacha, rangi imekuishia?" Nikawaacha wacheke.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiachiwa kitu cha wazee, iwe kiti, iwe nyumba, hata jembe, usikimbilie kuking'arisha. Uliza kwanza nani alikaa hapa, nani alishika pale. Uliza sasa, wenye majibu wakiwa bado wanaota jua uani. Na usiogope kuwatoa machozi. Baba yangu miaka yote ile alikuwa anangoja kuulizwa tu.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, asiuache moyo wako ukauke kwa kutafuta sifa, na nyumbani kwako majina ya waliotangulia yatajwe kwa kicheko.