Sista Waceke na Pikipiki Iliyokataa Kufa

Waceke wa Kabiria alistaafu uuguzi akiwa na magoti mazima na hamu moja ambayo hakuwa amemwambia mtu. Miaka yake mingi ya kazi alizunguka kwa pikipiki ya serikali, akiwatembelea wazazi waliotoka kujifungua, kisanduku cha chanjo kimefungwa nyuma kwa mpira. Watoto walikuwa wakisikia mngurumo wake kutoka mbali na kuanza kulia kabla hajafika, kwa kuwa walijua sindano ndiyo hiyo. Pikipiki ilipochakaa ikapigwa mnada, na Waceke akainunua mwenyewe. Akaisukuma hadi nyumbani, na tangu siku hiyo ikawa imelala bandani chini ya magunia ya chakula cha kuku.

Mumewe, Gichuru, ni mtu wa utaratibu, na banda lile lilikuwa likimkera. Asubuhi moja akamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Yule mtu alipoishika pikipiki usukani ili aiburute nje, Waceke alihisi kama mtu aliyeona mgonjwa wake akipelekwa mochari huku bado anapumua. Akamwambia aiache.

"Mama Debra, hiyo kitu imekufa," Gichuru akasema kwa upole.

"Baba Debra, mimi nimefanya kazi hospitali. Kufa kuna dalili zake, na hapa sijaziona."

Mnunuzi akaondoka na sufuria mbili zilizotoboka.

Jirani yake Mwelu, mama wa Kikamba anayeshona nguo nyumbani, alisikia habari hizo kupitia ua na akaja kutazama. Mwelu ni mtu wa kuchekeshwa na chochote, na siku hiyo alikuwa na cha kumchekesha. Wakamwaga petroli ya zamani iliyokuwa inanuka kama rangi ya mbao, wakaosha kabureta, wakatia petroli mpya. Waceke akapiga kiki hadi jasho likamtoka. Haikukohoa hata kidogo.

Ikabidi ateremke hadi Dagoretti Corner kumuuliza Jackton, fundi wa pikipiki aliyekaa karibu na steji. Jackton alimweleza kwamba injini inataka petroli, hewa na moto, na kwa pikipiki iliyolala sana mtu aanze na moto. Afungue plagi, airudishe kwenye kofia ya waya wake, ailaze juu ya chuma cha injini, kisha apige kiki akiangalia kama inatoa cheche. Akamwazima na kipimo chembamba cha kupimia mwanya wa pointi, zile ncha mbili ndogo zinazogusana na kuachana ili cheche itokee.

Wakafanya hivyo bandani, mlango umerudishwa ili kuwe na giza. Cheche ilikuja, lakini ilikuwa ya manjano na imefifia. Wakafungua kifuniko cha ubavuni, wakazikuta pointi zimeshika uchafu mweusi. Mwelu, aliyezoea vyuma vidogo vya cherehani, akazipitisha msasa laini, akazipangusa na kuweka mwanya kama kipimo kilivyotaka. Kisha, kwa haraka ya kutaka kuona, akaishika plagi kwa mkono na kumwambia mwenzake apige.

Cheche ilitoka ya buluu, ikapiga kwa sauti, na Mwelu akarushwa juu ya magunia. Waceke alimkimbilia, akamshika mkono kupima mapigo ya moyo, akakuta mgonjwa anacheka hadi machozi yanamtoka. Naye kicheko kikampata. Wakakaa pale juu ya chakula cha kuku, watu wazima wenye wajukuu, wasiweze kuinuka.

Jioni hiyo pikipiki iliwaka. Moshi ulijaa uani, kuku wakaruka ukuta, na Gichuru akatoka mlangoni, akaanza kuanua nguo kwenye kamba.

Waceke alipoiendesha, furaha ilifika dukani tu. Pale pikipiki ikapungukiwa nguvu, ikasitasita, ikazima. Waceke alingoja kidogo, ikawaka, akaenda, ikazima tena. Jackton alishuku kondensa, kile kikebe kidogo kinachosaidia pointi kutoa cheche, kwamba labda inashindwa kazi ikipata joto, akambadilishia. Ikazima vilevile.

Hapo Waceke akaamua kuiuguza jinsi alivyokuwa akiuguza mtoto mwenye degedege. Hukisii ukiwa mbali. Unakuwepo likianza. Akambeba Mwelu nyuma pamoja na spana, wakazunguka Kabiria hadi ikazima, na papo hapo wakafungua plagi. Cheche ilikuwa ya buluu, nzuri kabisa. Basi moto haukuwa na kosa. Mwelu akasema labda petroli imeisha, akafungua kifuniko cha tangi achungulie.

Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyetolewa majini.

Walitazamana. Waceke akarudisha plagi, akapiga kiki mara moja, ikawaka. Akakigeuza kile kifuniko na kukitazama juani. Tundu dogo la kuingiza hewa lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu na kutu. Petroli ilikuwa ikitoka bila hewa kuingia nyuma yake, hadi ikakwama.

"Mama Kiilu, hii kitu haikuwa inaumwa," Waceke akamwambia Mwelu. "Ilikuwa imezibwa pua."

Mwelu alilizibua kwa sindano ya cherehani huku akicheka.

Bima ikalipwa, leseni ikafufuliwa, na Jumamosi Mwelu akawa na gauni la kumpelekea mteja Kileleshwa. Wakavaa helmeti na kushika Ngong Road. Waceke alikuwa amesahau jinsi upepo unavyoingia mikononi mwa koti. Alikuwa amesahau pia kwamba zamani alikuwa akiimba akiendesha, na alipokumbuka alikuwa tayari kwenye ubeti wa pili, na Mwelu nyuma yake anaitikia kwa Kikamba wimbo ambao ulikuwa wa Kikuyu.

Wakafika Kileleshwa. Mteja alikuwa amesimama nje ya geti, ameinua mkono. Waceke alimwona vizuri. Aliona pia kwamba mbele ya lile geti barabara inateremka, lami ni mpya, na hakuna gari.

"Tumempita," Mwelu akamwambia sikioni.

"Najua."

"Haya. Tutampa gauni lake tukirudi."

Waceke akaongeza mafuta.