Firigisi ya Askofu

Harufu ya kuku wa kienyeji akichemka hunipandisha hasira hadi leo. Nilipokuwa mtoto, Nyanya alikuwa akimlisha mwinjilisti mmoja aliyefika kwetu kwa baiskeli, matope hadi magotini. Kila mara alimwekea firigisi, heshima ya wanaume. Kwetu mwanamke hakuionja.

Baadaye akafanywa askofu huko Kitale. Jumapili aliyorudi Bungoma na joho lake jipya, kwenye Meza ya Bwana alimruka Nyanya mbele ya kanisa zima, ati ni mke wa pili. Mchana huohuo, bila haya, akaja kula kwetu.

"Mama, na firigisi iko wapi?" akauliza, akipekua mchuzi kwa kijiko.

Nyanya akamwongezea ugali. "Nimeila, askofu. Mimi, mke wa pili."